Heko kwa Waliotuachia Vifaru vya Kweli

Katika vibanda umiza vya Kahama na Katoro, wachimbaji wakishatoka duarani hupenda filamu za vita. Vifaru wanavyoviona vingi ni vya kuazima. Katika Battle of the Bulge (1965), vifaru vya Wajerumani ni M47 za Marekani, zilizoundwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwisha! Katika Saving Private Ryan (1998), Tiger ni T-34 ya Kisovieti iliyovalishwa mabati. Fury (2014) ilijitahidi: ilipewa Tiger halisi na makumbusho ya Bovington, Uingereza.

Sisi tunayo Vita vya Kagera, filamu ya matukio halisi kuhusu vita vyetu na Uganda, iliyotoka Dar es Salaam mwaka 1980. Walioitengeneza nawapongeza kwa moyo wote, maana vifaru vyake ni vya kweli. Jeshi letu lilikwenda na vifaru vya Kichina, Type 59 na Type 62 vyepesi. Idi Amin wa Uganda alikuwa na T-55 na Sherman kuukuu. Mtengeneza filamu wa kigeni angechanganya yote hayo, na mjukuu wa askari aliyepigana Lukaya, Uganda, Machi 1979, angepokea uongo.

Wenye vibanda, iwekeni filamu hii kila Julai 25, Siku ya Mashujaa.