Kuiona Dola Bila Kuisikia: Televisheni, Lugha na Raia wa Lubumbashi

Imekuwa ada kusema kwamba vyombo vya kisasa vya mawasiliano vimemfikisha mwananchi ndani ya kumbi za serikali. Dai hilo lina ukweli, lakini ukweli huo ni nusu. Historia ya Lubumbashi tangu mwaka 1990 inaonyesha kwamba chombo peke yake hakimfanyi mtazamaji kuwa mlinzi wa mambo ya umma. Yapo maswali mawili yanayotangulia: ni nani ashikaye swichi, na dola inayotazamwa inasema kwa lugha gani?

Swali la kwanza lilijibiwa mapema. Tarehe 24 Aprili 1990, huko N'sele, Rais Mobutu alitangaza mwisho wa utawala wa chama kimoja, na televisheni ikawaonyesha Wazaire machozi ya mtawala wao. Hazikupita hata wiki 3, na usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei wanafunzi walishambuliwa katika mabweni ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Hapakuwa na kamera. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Chombo kilekile kilichopeleka machozi ya mtu mmoja nchi nzima hakikuwa na picha ya damu iliyomwagika katika mji wa pili wa nchi. Basi ni kosa kupima uwazi wa serikali kwa yale iliyoyaonyesha, bila kuhesabu yale iliyoyaficha.

Mfano mkubwa zaidi ni ule wa Mkutano Mkuu wa Kitaifa, uliofunguliwa Kinshasa tarehe 7 Agosti 1991. Kwa njia ya redio na televisheni, watu wa Lubumbashi, walio mbali na Kinshasa kwa zaidi ya kilomita 1,500, waliweza kuwasikia wajumbe wakiwashutumu wakubwa hadharani, jambo ambalo miaka miwili kabla lingempeleka mtu gerezani. Uzito wa jambo hilo haufai kupuuzwa. Mnamo Januari 1992 Waziri Mkuu Nguz Karl-i-Bond, mzaliwa wa Katanga, aliusimamisha Mkutano. Na tarehe 16 Februari Wakristo wa Kinshasa walipoandamana kudai uendelee, walipigwa risasi. Mkutano ulirejea mwezi Aprili. Hata hivyo, ulipofungwa tarehe 6 Desemba 1992, ripoti juu ya mali zilizopatikana kwa njia mbaya na juu ya mauaji ya kisiasa zilikuwa hazijasomwa mbele ya kikao cha wajumbe wote. Hotuba zilionekana, hesabu haikuonekana.

Swali la pili ni gumu zaidi, nalo linawahusu wataalamu wa lugha moja kwa moja. Mijadala ya Mkutano ilitawaliwa na Kifaransa. Mama muuza unga wa soko la Kenya na mchimbaji aliyestaafu wa Katuba waliona nyuso, wakasikia makofi na zomeazomea, lakini hoja zenyewe ziliwafikia kwa vinywa vya wengine. Na hao wengine hawakuwa wafasiri wasio na upande. Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa Waziri Mkuu mahali pa Nguz. Baada ya hapo Wakasai wa Katanga walishambuliwa na kufukuzwa makwao kwa wingi. Haitakuwa haki kusema kwamba lugha ndiyo iliyozaa maafa hayo, kwani ugomvi wa kazi na madaraka ulikuwa na mizizi ya tangu ukoloni. Lakini yafaa kuzingatia kwamba Mkutano ulijieleza kwa Kifaransa, ilhali mikutano ya hadhara ya chama cha UFERI ilimwambia raia kwa Kiswahili maana ya kile alichokiona.

Wapo wanaojibu kwamba Kiswahili cha Lubumbashi ni lugha ya nyumbani na sokoni, isiyoweza kubeba mambo ya utawala. Kundi la maigizo la Mufwankolo limekwisha kuwakanusha. Mwaka 1986 kundi hilo lilitayarisha kwa ajili ya televisheni igizo juu ya mamlaka na namna yanavyoliwa, kwa Kiswahili cha mji huu, na kazi hiyo ikachunguzwa na Johannes Fabian katika kitabu chake cha mwaka 1990. Ajabu ni hii: mfalme wa kuigiza alieleweka na kila mtu, na mtawala wa kweli akaeleweka na wachache.

Je, hali imebadilika? Kwa sehemu. Tangu mwaka 2002 Redio Okapi inatangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo. Katiba ya mwaka 2006 inaitaka serikali ieneze kila sheria kwa lugha hizo katika siku 60 tangu kutiwa sahihi. Simu ya mkononi nayo imempa raia kamera yake mwenyewe. Lakini swichi haijahama: kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, kura zilipokuwa zikihesabiwa, serikali ilikata intaneti nchini kote kwa karibu wiki 3.

Tanzania inatoa funzo la upande wa pili. Huko Bunge linajadiliana kwa Kiswahili, lugha ya mwananchi; lakini Januari 2016 waziri Nape Nnauye alitangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, akitaja gharama. Dodoma ilikuwa na lugha ikakosa picha. Lubumbashi ilipata picha ikakosa lugha. Kila upande uliachwa na nusu.

Bunge la mkoa wa Haut-Katanga linakutana katikati ya mji, katika jengo la miaka ya 1950 lililojengwa kuwa ukumbi wa tamthilia. Kuongeza kamera humo si kazi ngumu. Kazi iliyobaki ni kuwatayarisha wakalimani, na kutunga istilahi za bajeti, kodi na mikataba ya madini ambazo mkaaji wa Katuba atazitambua. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa mafundi wa mitambo; ni ya idara za lugha. Zisipoifanya, watu wataendelea kutazama serikali kama watazamavyo tamthilia ya kigeni, na mwenye kuwafasiria ndiye atakayewatawala.