Kitabu kwa Mcheza Gemu: Kutoka Gereza la Liyongo hadi Enanga ya Karagwe

Aghalabu mtu mzima anapotakiwa kumchagulia kitabu kijana aliyezama katika michezo ya video, ambayo vijana wenyewe huiita gemu, jicho lake hukimbilia jalada. Kijana akionekana kupenda mchezo wa mapanga, hupewa kitabu chenye panga. Akipenda wa mpira, hupewa maisha ya mchezaji mashuhuri. Kijana hufungua kurasa tatu, akakirudisha kitabu, na mtu mzima akapata ushahidi wa lile alilokuwa akiliamini tangu hapo, kwamba gemu imeua usomaji. Hukumu hiyo haina uadilifu. Kumpa mcheza gemu kitabu kwa ajili ya picha ya panga ni sawa na kumpa mvuvi picha ya samaki. Mvuvi alipenda bahari, na subira, na ule mvuto wa ghafla kwenye mshipi.

Basi la kuulizwa kwanza ni hili: mchezaji hutenda nini? Hutenda mambo manne. Hutafuta njia mahali asipopajua. Hutegua fumbo kwa dalili alizookota. Hushindwa, akarudia, na kila akirudia hujua zaidi. Tena huchagua, na chaguo lake likamgharimu. Mambo haya si mageni kwa Waswahili. Mcheza bao, mbele ya mashimo 32 na kete 64, huyafanya yote manne bila ya umeme. Na mtoto anayeitika “Tega!” asikiapo “Kitendawili!” amekwisha kuingia mchezoni, akishindwa kutegua hudaiwa mji, wala hapewi jibu mpaka autoe. Lugha iliyoweza kuweka mchezo mzima, pamoja na kushindwa kwake na fidia yake, ndani ya sentensi moja, haina sababu ya kukiogopa kioo cha simu.

Hata hivyo kipimo cha madai haya hakifai kuwekwa Unguja wala Lamu, ambako Kiswahili hunyonywa pamoja na maziwa. Kiwekwe Bugene, katika wilaya ya Karagwe, jirani na Kayanga, kwenye vilima vya migomba na mibuni vya mkoa wa Kagera. Huko mtoto huzungumza Kinyambo nyumbani, akafundishwa kwa Kiswahili katika skuli ya msingi, kisha akahamishiwa Kiingereza afikapo sekondari. Hali ni hiyo hiyo katika wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Gemu iliyomo katika simu ya mkubwa wake, kwa kawaida, humsemesha kwa Kiingereza. Ikiwa lugha inayomkabidhi upanga, ramani na uamuzi ni ya kigeni, na Kiswahili hakutani nacho ila katika daftari la mtihani, mtoto huyo atakata shauri kwamba Kiswahili ni lugha ya kuamriwa, na kwamba lugha ya kutenda iko kwengine. Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Orodha ya vitabu ni dawa ndogo, lakini ni dawa.

Kwa walio wadogo, mwanzo mwema ni Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952). Fumbo limewekwa mlangoni: mtu mwema, mwenye jina la wema, kila usiku huwachapa manyani wawili. Kwa nini? Jibu halipatikani mpaka msomaji apite baharini, aingie katika mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na aone ndugu wakimtosa ndugu yao. Mtoto aliyezoea kufungua milango ya siri atafuata. Dosari ya kitabu hiki kwa msomaji wa namna hiyo ni majina. Anayeitwa Hasidi hawezi kumshangaza mtu, na anayeitwa Mwivu amekwisha kuhukumiwa kabla hajatenda. Shaaban Robert humpa msomaji hukumu mapema kuliko ushahidi, na mcheza gemu hupenda kinyume chake. Dawa yake ni kukisoma kwa sauti, na kusimama kila panapo njia panda ili mtoto aseme kwanza yeye angefanyaje.

Anayevuka miaka kumi na mitatu, akawa anapenda gemu za upelelezi, ana Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla, mwana wa Zanzibar, alishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960, kikafuatiwa na Kisima cha Giningi mwaka 1968 na vyengine kadhaa. Maiti inakutwa mzimuni, watu wanaogopa mizimu, na mtu mmoja mwenye kiko anakataa kuogopa. Sifa kubwa ya vitabu hivi ni kwamba adui wa kwanza wa mpelelezi ni uvivu wa kufikiri, na mwuaji huja baadaye. Lakini lazima isemwe pia kwamba Bwana Msa ana choyo. Huficha dalili mfukoni mwake, akazitoa kwenye baraza ya mwisho mbele ya watu wote, na msomaji aliyekuwa akishindana naye hujiona amechezewa. Gemu njema ya mafumbo haifanyi hivyo. Huweka kila kitu wazi, na kosa likawa la mchezaji mwenyewe. Kijana asomeshwe Bwana Msa, kisha aulizwe ni wapi alidhulumiwa. Hapo atakuwa amekwisha kuanza kuwa mhakiki.

Kitabu cha kupendekezwa kwa tahadhari ni Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson ya riwaya ya Rider Haggard ya mwaka 1885. Kwa vizazi kadhaa kilikuwa kitabu cha safari kilichopendwa mno katika skuli za Afrika Mashariki, na kwa ufundi wa ramani, jangwa na pango kinamfaa mpenda gemu. Kasoro yake iko katika swali la hazina ni ya nani. Mwafrika katika kitabu hicho huongoza njia au huilinda njia; anayeondoka na almasi ni mgeni. Mtoto wa Bugene ana haki ya kuambiwa kwamba wilayani mwake mwenyewe, Bweranyange, palikuwa na makao ya wafalme wa Karagwe, na kwamba Speke na Grant walipofika kwa Rumanyika mwaka 1861 walipokewa na mwenyeji mwenye dola na adabu zake. Kulikuwa na hazina pia: vyombo vya kifalme vya chuma, miongoni mwao sanamu za ng'ombe, ambavyo mapokeo huvinasibisha na Ndagara, mfalme mhunzi. Hakuhitajika mgeni wa kuigundua. Ilikuwa na wenyewe, nao waliijua.

Kati ya vyote, kitabu kinachomstahiki mcheza gemu wa rika lolote ni kile ambacho wapenzi wa ushairi wa pwani wamekisoma mara nyingi bila ya kukifikiria hivyo: Utenzi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Mitego yake imepangwa kwa ngazi. Katika kikoa cha makoma, kila mtu hupanda mti kwa zamu, na njama ni kwamba Liyongo akiwa juu apigwe mishale. Liyongo hapandi, huyaangusha makoma kwa mishale yake mwenyewe akiwa chini. Silaha aliyoandaliwa ya kumwua ndiyo anayoigeuza kuwa ngazi. Gerezani hana upanga wala rafiki wa karibu, ila ana lugha. Humpa Saada, mjakazi wa mama yake, ujumbe wa mafumbo, na mkate wa wishwa huingia na tupa ndani yake, kwa kuwa walinzi hula mikate mizuri na kuudharau ule mbaya. Sauti ya tupa hufunikwa na ngoma ya gungu aliyoiomba mwenyewe. Haipatikani gemu iliyopanga fumbo la kutoroka kwa usafi zaidi ya huo, na ufunguo wake ni ushairi.

Kisha utenzi huo hufanya lile ambalo gemu nyingi haziliwezi. Shujaa asiyedhurika ana siri moja, sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo hutolewa na baba kwa mwana, mwana akaiuza. Liyongo hufa, lakini mchezo hauishi. Mwili wake unabaki karibu na kisima, upinde umevutwa, na mji mzima unashikwa na kiu kwa kumwogopa maiti, mpaka mama mtu anakuja kumbembeleza. Mchezaji amezoea kwamba akianguka ataanza upya. Hapa hakuna kuanza upya. Kuna hesabu ya aliyebaki. Kijana akilielewa hilo kwa beti za Kiswahili amepata kitu ambacho vitufe havimpi.

Kwa watu wazima, ambao nao hucheza ingawa hawapendi kukiri, kuna Euphrase Kezilahabi. Mzingile (1991), ndugu wa Nagona (1990), imebeba jina la mchezo wenyewe: njia zinazokunjana, zinazorudi, zisizoahidi mlango. Waliozikataa riwaya hizi kwa hoja kwamba hazina mwanzo wala mwisho huenda wangeshangaa kuona kwamba kijana aliyezoea kuzunguka dunia ya gemu bila ya kuambiwa aende wapi ana subira nazo kuliko mwalimu wake. Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila (2002) nayo ni safari ya kutoka bara hadi bara, kumsaka yule aliyeharibu kijiji kinachoitwa dunia. Ni nyepesi zaidi kuingilika. Lakini kila mhusika ndani yake ni ishara ya kitu, na ishara zikizidi, msomaji huacha kuhofia maisha ya mtu yeyote.

Kuna gemu moja inayoonyesha kwamba vitu hivi viwili havina ugomvi. Mwaka 2024 studio ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ilitoa Tales of Kenzera: ZAU, na wahusika wake waliwekewa pia sauti za Kiswahili. Huanza kwa kijana Zuberi aliyefiwa na baba, akikabidhiwa kitabu alichokiandika marehemu. Mchezo wote, ambamo mganga Zau anapatana na Kalunga, mungu wa mauti, ili baba yake arudishwe, ni yaliyomo ndani ya kitabu hicho. Salim aliutunga kutokana na msiba wa baba yake mwenyewe. Wenye kudai kwamba gemu imekizika kitabu wangetazama hapo: gemu imemrudisha mtoto kitabuni, na kwa Kiswahili.

Lakini kwa msomaji wa Karagwe habari hiyo ina uchungu wake. Mapatano na mauti si hadithi ya kuazima katika nchi ile. Katika moja ya mapokeo ya Kagera, Wamara hushuka kuzimu kwa mfalme Kintu, akakirimiwa, akaahidi kurudisha fadhila, akasahau. Naye Rufu, Kifo mwenyewe, akatumwa kuja kudai. Tena iko enanga, kinanda cha ubao uliochongwa chenye nyuzi za kuvutwa kwa vidole, ambacho watambaji wake huimbia habari za mashujaa kama Rukiza na Kachwenyanja. Mugyabuso Mulokozi, mwana wa Kagera, alizichunguza tendi hizo katika tasnifu yake ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986. Tasnifu hiyo ni ya Kiingereza. Historia ya dola ya Karagwe aliyoiandika Israel Katoke mwaka 1975 nayo ni ya Kiingereza. Na ni Mulokozi huyo huyo aliyehariri Tenzi Tatu za Kale (1999), kitabu kilichowawekea wasomaji Liyongo, Al-Inkishafi na Mwanakupona pamoja na maelezo yake. Mtu wa Kagera ameufungulia umma mlango wa tenzi za pwani. Pwani bado inadaiwa mlango wa enanga.

Deni hilo halilipwi kwa sifa. Linalipwa na mshairi atakayekaa na mtambaji na kuzileta Rukiza na Wamara katika Kiswahili chenye vina, kwa kurasa chache ambazo mtoto anaweza kuzibeba, na na mchapishaji atakayekubali kwamba Bugene ni soko. Wasipofanya wao, studio ya mbali itafanya, kwa lugha iitakayo, na haitakuwa imetenda dhambi.

Kwa sasa, mwalimu wa Bugene akipata nakala moja tu ya Tenzi Tatu za Kale, inatosha kwa kuanzia. Beti za kikoa zisomwe kwa sauti, zisimamishwe pale zamu ya Liyongo inapofika chini ya mkoma, na darasa liulizwe lingefanya nini. Majibu yasahihishwe baadaye, na Liyongo mwenyewe.