Neno "Mabepari"

Mwaka 1969 Julius Nyerere alichapisha fasiri yake ya mchezo wa Shakespeare, akaiita Mabepari wa Venisi. Katika Kiingereza mfanyabiashara atajwaye katika jina la mchezo ni mmoja tu, naye ni Antonio, si Shylock mkopeshaji. Mfasiri amewafanya wengi. Tena amechagua "mabepari", neno lenye asili ya Bara Hindi, ambalo huko maana yake ni wafanyabiashara tu, lakini baada ya Azimio la Arusha la 1967 lilikwisha kuwa shutuma. Basi Antonio na Shylock wamepandishwa kizimba kimoja kabla pazia halijafunguliwa. Mwalimu asiyelipima neno hilo huwapa wanafunzi hadithi, akawanyima hukumu iliyomo katika jina lake.