Ufundi wa Kusoma Cheti cha Dawa

Cheti cha dawa ni agizo la tabibu kwa mtoa dawa. Hubeba jina na umri wa mgonjwa, tarehe, jina la dawa na nguvu yake, dozi, njia ya kuitumia, muda wa matibabu na saini. Kwa mtoto huongezwa uzito. Pasipo uzito cheti chake hakijakamilika, hata mengine yote yawemo. Vyeti vinavyoandikwa katika hospitali za Temeke na Mwananyamala na katika zahanati za Mbagala, Tandika, Tegeta na Bunju hupita mikononi mwa mteknolojia wa dawa, ambaye wengi wanamfahamu kama fundi sanifu dawa. Kazi yake haionekani, nayo inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

Maandishi yenyewe ni vifupisho, vingi vya Kilatini. Od ni mara moja kwa siku, bd mara mbili, tds mara tatu, qid mara nne; prn ni pale inapohitajika, stat ni papo hapo. Po hunywewa, im huchomwa kwenye msuli, iv kwenye mshipa. Muda huandikwa kwa namna inayomtatiza asiyeizoea: 5/7 ni siku 5, 2/52 ni wiki 2, 3/12 ni miezi 3. Kwa hiyo PCM 1 g tds 3/7 ni gramu moja ya parasetamoli mara tatu kwa siku, kwa siku tatu. Ikiwa kidonge kina miligramu 500, mgonjwa anameza viwili kila mara, na bahasha inaingia vidonge 18.

Hatari kubwa imo katika vitu vidogo. Mikrogramu ikisomwa miligramu, dozi imezidi mara 1,000. Nukta iliyofifia katika 5.0 huizaa 50. Ndiyo maana mwandishi makini huandika 5 tu, na nusu huiandika 0.5, kamwe si .5.

Dawa ya maji ya watoto ndiyo inayompima fundi. Chukua amoksilini miligramu 250 tds 5/7, na dukani ipo chupa ya mililita 100 yenye miligramu 125 katika kila mililita 5. Kila dozi ni mililita 10, jumla ya kutwa ni mililita 30, na ya matibabu yote ni 150. Chupa moja itakoma baada ya siku tatu na dozi moja. Zinahitajika mbili, na ya pili ibaki unga hadi ya kwanza iishe, kwa kuwa dawa iliyokwisha kuchanganywa haikai muda mrefu. Basi mzazi hana budi kufundishwa kuichanganya mwenyewe: maji yaliyochemshwa na kupoa, hadi kwenye alama, kisha kutikisa kila mara kabla ya kumpa mtoto.

Saa nazo zina mtego wake. Anayeambiwa anywe dawa “kila saa nane” anaweza kuisubiri saa nane mchana. Fundi mzuri humtajia nyakati zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Dawa mseto ya malaria, iliyochukua nafasi ya dawa ya awali, SP, mwaka 2006, huhitaji uangalifu zaidi. Mwenye kilo 35 au zaidi humeza vidonge 4 mara sita, jumla 24 kwa siku tatu, lakini dozi ya pili hufuata ya kwanza baada ya saa 8, si 12. Aliyeanza saa 4 asubuhi anameza tena saa 12 jioni. Kuanzia kesho yake ni saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo.

Juu ya bahasha huandikwa jina la mgonjwa, jina halisi la dawa hata kama pakiti ina jina la biashara, na matumizi: 2 × 3, yaani vidonge viwili kutwa mara tatu. Kisha mgonjwa huombwa ayarudie maelekezo kwa maneno yake. Hatua hiyo hurukwa foleni inapokuwa ndefu, nayo ndiyo isiyofaa kurukwa kabisa.

Mwandiko usiosomeka haukisiwi. Tabibu hupigiwa simu au cheti hurudishwa kwake, na marekebisho huandikwa juu ya cheti hichohicho, pamoja na tarehe na jina la aliyeyathibitisha.