Utabiri wa Msongamano wa Magari Unahesabu Nini?

Wataalamu wa barabara hutuambia kwamba msongamano wa magari mijini unaweza kutabiriwa kama mvua inavyotabiriwa. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Mvua hainyeshi kwa sababu imetabiriwa. Foleni huweza kuzaliwa na utabiri wenyewe.

Nadharia iliyotawala ilikomaa Detroit na Chicago, Marekani, katika miaka ya 1950. Ina hatua nne: kukadiria safari ngapi zitaanzia kila mtaa, zitaelekea wapi, zitafanywa kwa chombo gani, na zitapita barabara ipi. Kosa lake ni kuuchukua mji kama ulivyo, kana kwamba anayekaa mbali na kazi yake amezaliwa akae mbali. Kisha barabara hupanuliwa kufuata hesabu, magari huongezeka na kuijaza, na mtabiri hujisifu kwamba alisema. Uingereza, kamati ya washauri wa serikali ilikiri mwaka 1994 kwamba barabara mpya huweza kuzalisha magari mapya.

Msomaji atauliza: haya yanaihusu nini Same, mji usio na foleni ya kusimulia? Yanaihusu sana. Simama Same kando ya barabara kuu mwezi Desemba, utaona Dar es Salaam ikipanda kwenda Upareni, Moshi na Arusha. Mama lishe wa stendi huutabiri msongamano huo bila mtambo wowote, naye hakosei, kwa sababu anajua chanzo chake: vijana wameshuka milimani kutafuta kazi, wazee na makaburi yamebaki juu. Dar es Salaam ilikuwa na watu 2,487,288 mwaka 2002. Mwaka 2022 walifika 5,383,728. Nadharia huianza safari Kimara asubuhi. Sisi tunasema safari hiyo ilianza Suji, Gonja na Chome, siku kijana alipoona kwamba shamba la mlimani halimtoshi.

Tuchukue na reli. Reli ya kutoka Tanga hadi Moshi imepita Same tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Treni ya abiria ilikoma kwa miaka mingi, ikarudishwa Desemba 2019 kati ya Dar es Salaam na Moshi. Katika miaka ile ya kimya abiria wote walionekana kuwa mahitaji ya barabara. Hesabu ilikuwa sahihi. Swali ndilo lililokuwa bovu.

Siku hizi utabiri hutumia simu zilizomo magarini. Ramani hugeuka nyekundu pale gari linapokwama, lakini umati unaosubiri kituoni saa nzima hauipi rangi yoyote. Hatuyabezi madaraja ya Mfugale (2018) na Kijazi (2021), maana hata basi la Same hupita hapo Ubungo. Tunauliza tu nani alihesabiwa kwanza.

Wapare wanalijua swali hilo. Ndiva, yale mabwawa ya milimani, hukusanya maji usiku, na mchana hufunguliwa kwa zamu, shamba baada ya shamba. Maji hayatoshi, kila mtu anajua, na hakuna anayedhani kwamba kupanua mfereji kutaongeza chemchemi. Lakini tusiipambe ndiva: ilikuwa na wenyewe, na mara nyingi ukoo uliochimba ulitangulia kumwagilia. Tofauti ni kwamba ugomvi wa nani atangulie ulifanyika waziwazi, penye mfereji.

Katika utabiri wa barabara ugomvi huo umefichwa ndani ya kipimo. Hatua ya tatu ya nadharia bado inazungumza juu ya watu. Katika ya nne watu hugeuzwa kuwa magari. Hapo basi lenye abiria sitini kutoka Same huandikwa kama magari madogo mawili au matatu, kwa sababu ya nafasi linayochukua barabarani, na hao sitini hawaandikwi.