Heko Mafundi wa Panga za Sponji
Tangu mchezo wa vita wa Dagorhir uanzishwe Maryland, Marekani, mwaka 1977, wapenzi wake hupigana kwa silaha za sponji kwa nguvu kweli, kisha hupeana mikono. Sifa kubwa ya usalama wao ni ya mafundi wa silaha. Ndani ya upanga mna ufito wa faibaglasi au bomba la plastiki, juu yake sponji ngumu iliyobandikwa kwa gundi, kisha kitambaa. Kazi yenyewe hasa iko nchani. Fundi huziba mwisho wa ufito usije ukatoboa sponji, na huinenepesha ncha isiingie kwenye tundu la jicho. Kabla ya pambano silaha hukaguliwa. Iliyochakaa hukataliwa, na ndivyo ipasavyo. Mafundi hawa humlinda hata mpinzani wao. Hongereni sana!