Adapta Haigeuzi Umeme: Uhakiki wa Istilahi za Msafiri

Mwalimu mmoja wa Tingi, mkoani Ruvuma, alituonyesha vitu viwili: pasi ya umeme iliyoungua, na karatasi ya maelezo iliyokunjwa mara nne. Pasi aliletewa na nduguye kutoka Marekani. Karatasi ilikuja na birika la umeme alilolinunua Songea; imeandikwa kwa Kiswahili, nayo ina aya fupi juu ya kutumia chombo hicho katika nchi za nje. Mwalimu alikuwa akijiandaa kwenda Metangula, ng'ambo ya mpaka wa Msumbiji, kumtembelea dada yake aliyeolewa huko. Alitaka kujua kama maneno ya karatasi ile yangeliepusha birika na yaliyoipata pasi. Tuliisoma pamoja naye, na jibu letu likawa kwamba hayatoshi. Mwandishi wake anaujua umeme. Kilichompungukia ni istilahi.

Uhakiki huu hauna nia ya kumlaumu mfasiri huyo, ambaye hatumjui. Makosa yake ni yetu sote tunaofasiri, tunaofundisha na tunaoandika matangazo ya serikali, maana maneno aliyoyatumia ndiyo tuliyomwachia.

I. Kigezo cha kupimia

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe lilivyo. Umeme wa majumbani hapa Tanzania ni wa volti 230 na hezi 50. Mtu akivuka ziwa kutoka Mbamba Bay hadi Nkhata Bay, nchini Malawi, atakuta volti zile zile, hezi zile zile, na tundu za pini tatu bapa kama nyingi za kwetu. Akishika njia ya Msumbiji atakuta volti 220 na hezi 50, lakini tundu nyingi huko ni za pini za mviringo: mbili, au tatu nene kama zitumikazo Afrika Kusini. Akifika Marekani atakuta volti 120, hezi 60, na pini bapa za umbo jingine kabisa. Japani volti ni 100 tu.

Kwa hiyo safari humletea mtu maswali mawili ambayo hayategemeani. La kwanza: je, plagi itaingia? La pili: je, volti zitalingana? Kwa Malawi, majibu ni ndiyo na ndiyo. Kwa Msumbiji ni la na ndiyo, kwani tofauti ya volti 230 na 220 haidhuru birika. Litachelewa kidogo tu kuchemka. Kwa Marekani ni la na la. Maelezo yoyote ya msafiri hayana budi kupimwa kwa kigezo hiki: je, maneno yake yanayatenganisha maswali hayo mawili, au yanayachanganya?

II. "Adapta" na "kigeuzi"

Karatasi ya birika inamtaka msafiri atumie kigeuzi kinachofaa. Kigeuzi hicho kinageuza nini? Karatasi haisemi. Msomaji anayekwenda Metangula anahitaji kitu cha kupatanisha pini na tundu. Anayekwenda Marekani anahitaji hicho, pamoja na chombo cha kupandisha volti kutoka 120 hadi 230. Neno moja limebeba vyombo viwili, kimoja cha plastiki kinachoingia mfukoni, kingine cha chuma na shaba kinachoweza kuwa kizito kuliko birika lenyewe.

Zaidi ya hayo, hakuna aendaye dukani Mbinga au Songea akaulizia kigeuzi. Watu huulizia adapta. Nalo neno adapta lina maana tatu sokoni: kipande cha kupatanishia pini, plagi yenye tundu nyingi za kugawia umeme, na lile boksi dogo katikati ya waya wa kompyuta. Kati ya hivyo vitatu, ni cha mwisho tu kinachogusa volti. Hapo ndipo ilipoungulia pasi ya Mwalimu. Muuzaji alimwambia kwamba adapta hugeuza umeme. Mwalimu akaamini, kwa kuwa adapta ya kompyuta ya shuleni hugeuza kweli. Akachomeka pasi ya volti 120 katika tundu la volti 230.

Hesabu ya jambo hilo inafaa hata kwa darasa la fizikia. Volti zikikaribia kuwa maradufu, joto halizidi maradufu. Huzidi karibu mara nne. Pasi ya wati 1,000 iliyotengenezwa kwa volti 120 hujaribu kuvuta karibu wati 3,700 ikipewa volti 230. Kinyume chake, birika la Songea likipewa volti 120 litabaki na kama robo tu ya uwezo wake: halitaungua, ila halitachemsha kwa wakati. Kwa Mwalimu, gharama ya kukosekana kwa istilahi ilikuwa pasi moja na kitambaa cha meza. Ingaliweza kuwa nyumba.

III. "Nguvu ya umeme"

Karatasi inaendelea kumwonya msomaji ahakikishe kwamba nguvu ya umeme wa mahali aendako inalingana na ile ya chombo. Onyo ni jema, lakini nguvu ipi? Chini ya birika pana kibao chenye volti, wati na hezi. Tulipomuuliza Mwalimu nguvu ni ipi kati ya hizo, alielekeza kidole kwenye wati, kwa sababu ndiyo namba iliyo kubwa kuliko zote. Hatuwezi kumlaumu. Fundi husema umeme wa leo una nguvu ndogo, akikusudia volti. Muuza duka husema birika hili lina nguvu, akikusudia wati.

Wataalamu walikwisha kuiona hatari hii. Kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na iliyokuwa TUKI mwaka 1990 ni ushahidi wa juhudi ya kuzigawia dhana za sayansi maneno yake, na walimu wamezoea kutenga kani, nishati, mkondo na ukinzani. Tatizo ni kwamba mgawanyo huo umebaki darasani. Katika maelezo ya vyombo vya nyumbani ni bora kuacha kabisa neno nguvu na kutaja kipimo chenyewe: volti zilingane. Kila chombo kina kibao chenye herufi V, na mtu aliyemaliza darasa la saba aweza kuitafuta.

Hata alama za kibao zahitaji kusomwa kwa maneno. Chaja nyingi za simu zimeandikwa 100–240 V, 50/60 Hz. Kistari hicho maana yake ni "kuanzia 100 hadi 240", na chaja hiyo yahitaji kupatanishiwa pini tu, popote iendako. Lakini chombo kilichoandikwa 120/240 V mara nyingi kina kibonyezo ambacho mwenyewe lazima akihamishe. Mfasiri akiziandika alama hizo zote mbili kwa neno "au", amemdanganya msomaji.

IV. Kuzima, ardhi na shoti

Karatasi inaagiza kuzima tundu kabla ya kusafisha birika. Agizo hilo limeandikwa kwa nchi ambazo tundu huwa na swichi, kama yetu. Tundu za pini mbili za mviringo za Msumbiji kwa kawaida hazina swichi. Neno lifaalo pande zote za mpaka ni kuchomoa.

Juu ya waya wa ardhi karatasi imenyamaza, na hapa kunyamaza ni kosa. Pini ya tatu ndiyo njia ya kuupeleka umeme ardhini pale unapovuja kwenye mwili wa chombo. Adapta ya pini mbili huikata njia hiyo. Nani asiyemjua mtu anayetia kalamu katika tundu la juu ili plagi ya pini mbili iingie? Chaja ndogo yenye alama ya mraba ndani ya mraba haihitaji waya wa ardhi. Birika la chuma lauhitaji.

Mwisho, karatasi inatahadharisha juu ya shoti. Katika mazungumzo yetu nyaya zikigusana ni shoti, na mtu akirushwa na umeme pia amepigwa shoti. Msomaji hajui kama anayehatarishwa ni birika au ni yeye. Shoti ibaki kwa nyaya. Kwa binadamu tuseme mshtuko wa umeme.

V. Mapendekezo

Wapo watakaosema tubuni neno jipya la Kibantu badala ya adapta. Hatuafiki. Neno lililokwisha kukaa kinywani mwa watu haliondolewi kwa waraka. Lililobaki ni kulifunga kwa neno la pili. Tunapendekeza:

Adapta ya plagi: kipande cha kupatanisha pini na tundu, kisichobadili volti.
Kipandisha volti na kishusha volti: vyombo vya kubadili volti, kila kimoja kikitajwa kwa kazi yake.
Plagi ya kugawia: plagi yenye tundu nyingi.
Volti, wati, hezi: zitajwe kwa majina yake, pasipo "nguvu".
Kuchomoa: badala ya kuzima, kila usafi unapotajwa.
Shoti kwa nyaya. Mshtuko wa umeme kwa mtu.

Jina "kipandisha volti" halipendezi sikioni, tunakiri. Lakini mtu akilisikia hawezi kudhani kwamba ni kile kipande cha plastiki cha mfukoni, na hilo ndilo tunalolidai kwa istilahi ya kitu kinachoweza kuua. Mapendekezo haya yako wazi kwa majadiliano, na maoni ya walimu na mafundi wa mipakani tutayapokea kwa shukrani.

Mwalimu alikwenda Metangula na birika lake, pamoja na adapta ya plagi yenye pini tatu za mviringo. Pasi iliyoungua ameibakiza darasani Tingi, juu ya kabati, kwa somo la umeme.